Kufuata saa sita ya jua kutoka Dar es Salaam hadi Uvira

Saa ya Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya Greenwich. Dunia huzunguka digrii 360 kwa saa 24, sawa na digrii 15 kwa saa moja au digrii 1 kwa dakika 4. Saa 3 kamili, basi, ni longitudo ya digrii 45 Mashariki. Mstari huo haugusi Tanzania, wala Kenya, wala Uganda. Unapita karibu na Mogadishu na Aden, na kisiwa cha Mayotte kiko jirani yake. Jua likiwa limesimama katikati ya anga kwenye mstari huo, yaani ikiwa saa sita ya jua hapo, saa zetu za mkononi zinaonyesha saa 6:00 mchana, lakini juu ya Dar es Salaam jua bado halijafika, na juu ya Kigoma litafika saa nzima baadaye.

Safari hii inafuata tofauti hiyo kwa reli ya kati na kisha kwa barabara, kituo kwa kituo, kuanzia 11 hadi 20 Juni. Juni imechaguliwa kwa sababu tatu. Bara ni kiangazi na anga iko wazi. Jua liko kaskazini kabisa, kwa hiyo kivuli cha mchana ni kirefu vya kutosha kupimika, na umbali wa jua kaskazini mwa ikweta haubadiliki sana kati ya asubuhi na alasiri. Zaidi ya yote, karibu na 13 Juni saa na jua havina ugomvi wa kalenda, jambo litakaloelezwa tukifika Dodoma.

Saa zote humu zimehesabiwa Kiswahili. Simu iliyowekwa mfumo wa saa 24 itaandika 12:22 mahali tunaposema saa 6:22 mchana. Hesabu yetu inafaa sana kazi hii, maana inatoka saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni bila kukatika katikati; kupata nusu ya njia kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana unajumlisha na kugawa kwa mbili tu.

Siku ya 1, 11 Juni: Dar es Salaam (longitudo 39.28)

Vifaa vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja: bomba la plastiki la nusu inchi lenye urefu wa mita 1, ndoo ndogo ya kujaza mchanga ili bomba lisimame, kipande cha bati cha sentimita 10 kwa 10, uzi wenye nati nzito mwishoni kama timazi, pima maji ya fundi, karatasi mbili za manila, rula na penseli kali. Toboa bati katikati kwa msumari, tundu la milimita 4 hivi, kisha lifunge juu ya bomba likiwa limelala.

Bati hilo ndilo linaloleta tofauti kati ya kipimo na kubahatisha. Kivuli cha ncha ya fimbo tupu hakina ukingo. Jua lina upana wa nusu digrii angani, kwa hiyo kwa fimbo ya mita 1 ukingo unafifia kwa upana wa karibu sentimita 1, nawe hujui uweke alama wapi. Tundu linaangusha doa la mwanga lenye upana wa sentimita 1 na zaidi kidogo, ambalo ni sura ya jua lenyewe, na kitovu cha doa unaweza kukikadiria ndani ya milimita 1 au 2.

Teremsha timazi kutoka kwenye tundu hadi chini na uweke alama inapogusa. Alama hiyo ndiyo kitovu cha duara. Usitumie shina la bomba. Bomba likiinama milimita 10 tu kuelekea mashariki nawe ukapima kutoka shinani, saa sita yako itakosea kwa karibu dakika 1 na robo, sawa na kilomita 35 ardhini. Tandika karatasi moja upande wa kusini-magharibi mwa kitovu, nyingine kusini-mashariki, zikae kwenye kimo kimoja kwa pima maji. Karatasi moja ikiwa chini ya mwenzake kwa milimita 10, kosa ni karibu dakika 1.

Wengi hukaa wakisubiri kivuli kiwe kifupi kuliko vyote, wakidhani huo ndio wakati wa saa sita. Njia hiyo haifai. Kwa Dar es Salaam mwezi Juni, ndani ya dakika 5 kabla au baada ya saa sita ya jua, urefu wa kivuli cha fimbo ya mita 1 hubadilika kwa zaidi kidogo ya nusu milimita. Hakuna jicho litakaloona hilo. Saa mbili kabla, kivuli kikiwa na sentimita 90 hivi, urefu hubadilika zaidi ya milimita 5 kila dakika. Pima hapo.

Utaratibu ni huu. Chora duara la nusu kipenyo cha sentimita 90 kutoka kwenye kitovu kwa uzi usiovutika. Asubuhi doa linatoka nje likija ndani. Kitovu cha doa kikigusa mstari, andika saa hadi sekunde. Alasiri doa linatoka ndani kwenda nje. Likigusa mstari uleule, andika tena. Nusu ya njia kati ya saa hizo mbili ni saa sita ya jua. Chora maduara matatu au matano, sentimita 84, 87, 90, 93, 96, kwa sababu wingu moja la alasiri likipita wakati wa kugusa, jozi hiyo imekufa na itabidi utumie nyingine. Dar es Salaam, mawingu ya upepo wa bahari hufanya hivyo mara kwa mara.

Mfano wa hesabu ya leo: doa linagusa saa 4:20:10 asubuhi, linagusa tena saa 8:24:40 mchana. Jumla ni 12:44:50, nusu yake ni 6:22:25. Tarehe hii jua linawahi kwa sekunde 28 hivi, kwa hiyo ongeza: 6:22:53. Jua limefika hapa dakika 22 na sekunde 53 baada ya kupita mstari wa digrii 45. Gawa kwa 4, unapata digrii 5.72. Toa kwenye 45: longitudo 39.28. Dar es Salaam imejitambulisha bila ramani.

Kuhusu simu: zima mpangilio wa kubadili ukanda wa saa wenyewe tangu leo, kabla ya kupanda treni. Saa inayojirekebisha yenyewe karibu na mpaka itaharibu daftari zima. Saa ya setelaiti za GPS ni bora kuliko saa ya mtandao. Kosa la sekunde 10 ni kilomita 4.6 ardhini.

Siku ya 2, 12 Juni: Morogoro (37.66)

Saa sita ya jua leo ni saa 6:29:06. Kutoka Dar es Salaam ni digrii 1.62, dakika 6 na nusu hivi za jua. Milima ya Uluguru hukusanya mawingu, kwa hiyo maduara matano yanahitajika kweli hapa.

Morogoro ni mahali pa kutazama ramani. Kinadharia kila ukanda wa saa una upana wa digrii 15, digrii 7 na nusu kila upande wa mstari wake wa kati. Ukanda wa saa 3 unatoka 37.5 hadi 52.5. Mstari wa 37.5 unapita kilomita 18 tu magharibi mwa Morogoro. Ukitoka hapa kuelekea Kilosa, unauvuka muda mfupi baada ya kuanza safari, bila kibao wala tangazo. Nchi yote iliyobaki mbele, pamoja na makao makuu ya serikali, kwa hesabu tupu ya longitudo iko kwenye ukanda wa saa 2. Kilimanjaro na Moshi nazo ziko upande huohuo, kwa tofauti ndogo.

Siku ya 3, 13 Juni: Dodoma (35.74)

Treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwaka 2024 ina kasi ya juu ya kilomita 160 kwa saa. Katika latitudo hizi digrii 1 ya longitudo ni karibu kilomita 110.6, na dakika 1 ya jua ni kilomita 27.6. Treni ikienda magharibi kwa kasi hiyo kwa saa nzima, mchana wa abiria unarefuka kwa karibu dakika 6. Wa kwenda mashariki anapunguziwa kiasi hichohicho.

Saa sita ya jua Dodoma leo ni saa 6:37, na leo hakuna cha kuongeza wala kupunguza. Sababu ni hii. Dunia haizunguki jua kwa mwendo mmoja mwaka mzima, maana njia yake ni duara lililobonyea kidogo. Tena mhimili wake umeinama digrii 23.4. Mambo hayo mawili yakichanganyika, jua huwahi au huchelewa kulinganisha na saa. Mapema Novemba linawahi kwa zaidi ya dakika 16. Karibu na 11 Februari linachelewa kwa dakika 14. Tofauti inafika sifuri mara nne kwa mwaka: karibu na 15 Aprili, 13 Juni, 1 Septemba na 25 Desemba.

Asiyejua hili atapima Dar es Salaam mwezi Novemba na kupata saa 6:06, arudi Februari apate saa 6:37, kisha aseme fimbo ni mbovu. Fimbo ni nzima. Bila jedwali la tarehe, kosa linaweza kufika digrii 4 za longitudo, kilomita 450. Kwa siku zetu jedwali ni jepesi: 11 Juni jua linawahi kwa sekunde 28, 13 Juni ni sawa, 15 Juni linachelewa kwa sekunde 21, 17 Juni kwa sekunde 47, 19 Juni kwa dakika 1 na sekunde 13, 20 Juni kwa dakika 1 na sekunde 26. Hizi hubadilika kwa sekunde chache tu mwaka hadi mwaka.

Siku ya 4, 14 Juni: njiani kupitia Manyoni

Leo hakuna kipimo, treni inatembea. Manyoni iko longitudo 34.83, dakika 40 na sekunde 41 nyuma ya mstari wa saa yetu.

Ni reli zilizoilazimisha dunia kukubaliana kuhusu saa. Kabla yake kila mji ulikuwa na saa sita yake, na haikumdhuru mtu anayesafiri kwa miguu au jahazi. Ratiba ya treni haiwezi kuandikwa kwa saa arobaini tofauti. Reli za Marekani na Kanada ziligawa bara lao katika kanda tarehe 18 Novemba 1883. Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington, na nchi 22 zikapiga kura mstari wa sifuri upite Greenwich. San Domingo (leo Jamhuri ya Dominika) ilikataa, Ufaransa na Brazili hazikupiga upande wowote. Ufaransa iliendelea na saa ya Paris hadi 1911. Mkutano ule ulipanga mstari wa kuanzia na siku ya dunia nzima. Kanda zenyewe zilichukuliwa na kila nchi kwa wakati wake na kwa namna yake, na ndiyo maana mipaka yake leo inafuata mipaka ya serikali.

Kwetu ilichukua muda. Reli hii ilifika Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma Februari 1914. Saa ya jua ya Dar es Salaam iko saa 2, dakika 37 na sekunde 7 mbele ya Greenwich. Kuelekea uhuru Tanganyika ilikuwa ikitumia saa 2 na dakika 45, ambayo ni longitudo 41.25, mstari unaopita baharini karibu na pwani yetu. Kwa saa ile, Dar es Salaam ingepata saa sita ya jua saa 6:08 na Kigoma saa 6:46. Kulikuwa na haki zaidi kwa jua, lakini robo saa ilisumbua kila aliyewasiliana na nje, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 saa 3 kamili ikashika.

Siku ya 5, 15 Juni: Tabora (32.80)

Saa sita ya jua: saa 6:49:09. Ondoa sekunde 21 za tarehe, zinabaki dakika 48 na sekunde 48.

Tabora ndipo reli inapogawanyika kwenda Mwanza, na hapa kuna somo lisilohitaji hata fimbo. Mwanza iko karibu kilomita 280 kaskazini, lakini longitudo yake ni 32.9. Saa sita ya jua ya Mwanza na ya Tabora hazitofautiani hata nusu dakika. Ukienda kaskazini au kusini, kivuli kinabadili urefu, na mchana unabadili urefu, lakini wakati wa katikati ya mchana haubadiliki. Kilomita hizohizo 280 kuelekea magharibi ni dakika 10.

Anga ya Tabora mwezi huu ni safi, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujaribu njia ya pili: mstari wa kaskazini na kusini. Ukishapata alama za asubuhi na alasiri kwenye duara moja, unga alama hizo kwa mstari, tafuta katikati yake, na uvute mstari kutoka hapo hadi kitovu. Huo ndio mstari wa kaskazini ya kweli. Kesho yake, ukiwa palepale, huhitaji jozi tena. Subiri doa likatize mstari na uandike saa. Karibu na saa sita doa linasogea kando kwa milimita 4.6 kila dakika, kwa hiyo kipimo ni kizuri.

Usichore mstari huo kwa dira. Dira hufuata sumaku ya dunia, ambayo haielekei kaskazini ya kweli, na pia huvutwa na nondo, reli na hata bati lako mwenyewe. Kosa la digrii 1 la dira ni dakika 2 za saa, ambazo ni kilomita 60. Simu zenye dira ndani zina ugonjwa huohuo, tena zikiwa karibu na spika hupotea kabisa.

Siku ya 6, 16 Juni: njiani kuelekea Kigoma

Reli inapita nchi ya mto Malagarasi, kisha Uvinza ya chumvi. Kati ya Uvinza na Kigoma tunavuka longitudo 30, nayo ni mstari wa kati wa ukanda wa saa 2. Fungua GPS ya simu na uisubiri ifike 30.000. Kwenye mstari huu jua husimama katikati saa 7:00 mchana kamili kwa saa ya Tanzania, ukitoa zile sekunde za tarehe. Kuanzia hapa hadi ziwani tuko magharibi mwa mstari wa majirani zetu wenyewe, na bado tunatumia saa ya Mogadishu.

Siku ya 7, 17 Juni: Kigoma na Ujiji (29.63)

Saa sita ya jua ni saa 7:02:16 mchana. Jua linachomoza karibu saa 1:07 asubuhi na kuzama karibu saa 12:57 jioni. Dar es Salaam, juma hilihili, linachomoza saa 12:31 na kuzama saa 12:15. Mwanafunzi wa Kigoma anayetakiwa darasani saa 1:00 asubuhi anafika kabla ya jua. Mvuvi wa dagaa, kwa upande wake, ana mwanga wa jioni ambao mwenzake wa Feri, Dar es Salaam, hana.

Ujiji ni mji wa misikiti ya zamani, na tofauti hii imekaa ndani ya ibada. Adhuhuri huingia jua likishapinduka, wala haingojei saa ya ukutani. Ratiba iliyochapwa kwa Dar es Salaam inasema adhuhuri imeingia muda mfupi baada ya saa 6:22. Kwa Ujiji wakati huo jua bado liko mashariki na lina dakika 40 za kupanda. Magharibi ni hatari zaidi. Aliyeko Kigoma akifuturu kwa adhana ya redio inayotoka Dar es Salaam, amekula karibu dakika 40 kabla ya jua kuzama, na funga yake imeharibika. Daku inamgeukia upande mwingine: atajizuia kula mapema kuliko inavyompasa. Ratiba ya Ramadhani itengenezwe kwa longitudo na latitudo ya mji wenyewe. Kwa marekebisho ya haraka, gawanya tofauti ya longitudo kwa 15 kupata saa, au izidishe kwa 4 kupata dakika, kisha weka dakika chache za tahadhari, ukiongeza kwa futari na kupunguza kwa daku, kwa kuwa latitudo nayo huongeza au kupunguza kidogo kulingana na mwezi.

Umeme wa jua unafuata kanuni hiyohiyo. Paneli ya Kigoma inatoa nguvu yake kubwa karibu saa 7:00 mchana. Ukiweka pampu ya maji ifanye kazi kuanzia saa 4:00 hadi saa 8:00 kwa kuiga mwongozo wa Pwani, unapoteza saa nzuri ya alasiri na kuilazimisha pampu kuanza na mwanga hafifu. Kwa Kigoma weka saa 5:00 hadi saa 9:00.

Je, Tanzania igawanywe kanda mbili? Upana wake, kutoka Mtwara hadi hapa, ni digrii 10 na nusu, dakika 42. Unatosha ndani ya ukanda mmoja. Nchi moja yenye benki moja, redio moja na ratiba moja ya treni inafaidika na saa moja, na hoja hiyo ina uzito. China imefanya hivyo kwa upana mkubwa zaidi: Kashgar iko longitudo 76 na inatumia rasmi saa ya longitudo 120, tofauti ya karibu saa 3. Lakini saa moja ya nchi haina maana ya ratiba moja ya nchi. Muda wa kufungua shule, kuanza kazi za mikono na kuwasha pampu unaweza kupangwa na mkoa bila kugusa saa yenyewe.

Hapa ziwani kuna mtego wa simu. Minara ya ng'ambo inaweza kushika simu yako, na kama hukuzima mpangilio wa ukanda, saa inarudi nyuma saa nzima bila kukuambia. Ukiona kipimo kimekosea kwa dakika 60 hasa, usitafute kosa kwenye duara.

Siku ya 8, 18 Juni: Manyovu hadi Mugina

Mpakani, Manyovu ikiwa upande wa Tanzania na Mugina upande wa Burundi, hakuna kipimo, ila kuna hesabu. Burundi inatumia saa 2 mbele ya Greenwich, kama Rwanda na mashariki ya Congo. Nchi hizi tatu zilikuwa chini ya Ubelgiji, nazo zimebaki na saa moja. Burundi na Rwanda ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Congo 2022, na saa hazikubadilika.

Ukigongewa muhuri wa kutoka saa 4:00 asubuhi upande wa Tanzania, ng'ambo ni saa 3:00 asubuhi. Kwenda magharibi unapewa saa moja, na hilo halimsumbui mtu. Shida iko kwenye kurudi. Ukifika ukitokea Burundi saa 11:30 jioni, Tanzania tayari ni saa 12:30. Kama ofisi ya upande wa pili inafunga saa 12:00 kwa saa yake, umechelewa nusu saa ingawa saa yako inasema una nusu saa mkononi. Tiketi ya basi uliza mambo mawili: ni saa ya nchi gani, na imeandikwa kwa hesabu ipi. Tiketi yenye 7:00 inaweza kuwa saa 1 asubuhi au saa 7 mchana.

Kubadilisha simu kwa mkono, chagua Bujumbura au Maputo; zote ni ukanda mmoja. Kwa upande wa Tanzania baadhi ya simu huonyesha Nairobi badala ya Dar es Salaam, na ni sahihi. Daftari la vipimo liandike kwa saa ya Greenwich kuanzia leo, ili siku za kabla na baada ya mpaka zilingane.

Siku ya 9, 19 Juni: Bujumbura (29.36)

Saa sita ya jua: saa 6:03:47. Juzi Kigoma, digrii robo tu mashariki mwa hapa, ilikuwa saa 7:02. Jua lilihitaji dakika 1 na sekunde 5 kutoka Kigoma hadi Bujumbura. Serikali zimeweka saa 1 nzima kati yao. Mstari wa Burundi ni digrii 30, nao uko kilomita 71 tu mashariki mwa mji. Jua linachomoza saa 12:06 asubuhi na kuzama saa 12:01 jioni, na muadhini wa mtaa wa Buyenzi anapoita adhuhuri, saa ya ukutani inakubaliana naye.

Wengine wamechagua kurudi kwenye jua. Sudan Kusini ilikuwa kwenye saa 3 pamoja nasi hadi 1 Februari 2021, ikahamia saa 2. Juba iko longitudo 31.58. Kwa saa ya zamani, saa sita yake ya jua kwa wastani ilikuwa saa 6:54. Sasa ni saa 5:54. Kwa Juba, ambayo iko digrii 1 na nusu tu kutoka mstari wa 30, uamuzi huo una mantiki ya jiografia kuliko ule wa kwanza.

Siku ya 10, 20 Juni: Uvira (29.14)

Tunavuka mto Rusizi na kuingia Congo, na saa haibadiliki. Saa sita ya jua ni saa 6:04:52. Bukavu na Goma zina saa hiihii. Congo ni pana kiasi cha kuhitaji kanda mbili, na mgawanyo unafuata mipaka ya majimbo: Kinshasa na majimbo ya magharibi yako saa 1 mbele ya Greenwich, mashariki saa 2. Kinshasa iko longitudo 15.3, karibu juu ya mstari wake wa digrii 15. Kati ya Goma na Kinshasa jua huchukua dakika 56, na saa zinatofautiana kwa dakika 60. Kisangani, longitudo 25.2, iko ukanda wa mashariki na saa sita yake ya jua kwa wastani ni saa 6:19. Abiria wa ndege kutoka Goma anarudisha saa nyuma mara moja, ndani ya nchi moja, bila kuonyesha pasi.

Sasa daftari linajaribiwa. Ondoa sekunde za tarehe kwenye kila kipimo, na geuza vyote kuwa saa ya Greenwich. Dar es Salaam iwe saa 3:22:53 asubuhi, Uvira saa 4:03:26. Tofauti ni dakika 40 na sekunde 33, digrii 10.14, karibu kilomita 1,120 kwa mstari ulionyooka kuelekea magharibi. Ukiwa ndani ya sekunde 30 ya jibu hilo, vifaa vyako ni vizuri. John Harrison, fundi saa wa Uingereza, alihitaji miongo kadhaa kutengeneza saa iliyoweza kuvuka bahari bila kupoteza usahihi huo. Ile iliyosafirishwa hadi Jamaica mwaka 1761 ilikosea kwa sekunde 5 hivi tu.

Ukikosa kwa dakika 1 au 2, anza na timazi: je, kitovu kilichukuliwa chini ya tundu kila kituo? Kisha pima maji ya karatasi mbili, kisha uzi wa kuchorea duara, maana uzi wa nailoni huvutika na duara la alasiri likawa kubwa kuliko la asubuhi. Ukikosa kwa dakika 3 na sekunde 48 hasa, uliziongeza sekunde za tarehe badala ya kuzitoa, au kinyume chake: zile 28 za Dar es Salaam na 86 za Uvira zina alama tofauti, na ni rahisi kipimo kuharibikia hapo.